Randa ya mbao uliyoichonga mwenyewe inasumbua: anza na kisu, mdomo uwe wa mwisho

Randa mpya ikikataa kula mbao, mafundi wengi hukimbilia mdomo wake, ule upenyo wa chini makali ya kisu yanapotokeza. Fundi anachukua patasi, anapanua kidogo, anajaribu, anapanua tena. Mpaka jioni randa ina mdomo wa mamba na ugonjwa uko palepale.

Mdomo unaonekana, ndiyo maana unabebeshwa lawama. Lakini mbao iliyokatwa pale hairudi. Kisu kinanoleka upya hata mara mia. Kabari, kile kipande cha mbao kinachokibana kisu, ikiharibika unachonga nyingine. Kilalio kinakwanguliwa kidogo kidogo, na uso wa chini unasawazishwa kwa msasa. Mdomo ukishapanuka, dawa iliyobaki ni kiraka. Kwa hiyo nimeyapanga matatizo haya kufuata urahisi wa kurekebisha: kwanza yale yasiyoondoa mbao yoyote kwenye mwili wa randa, kisha yanayoondoa kidogo, na mdomo tunaufikia mwisho kabisa.

Tuelewane majina kwanza. Kilalio ni ule mteremko ndani ya randa ambao kisu kinauegemea. Mashavu ni kuta mbili za pembeni. Mabega ni vile vidato vilivyochongwa kwenye mashavu ili vibane kabari. Kama umejenga randa yako kwa kupasua mbao na kuigundisha tena, badala ya mabega utakuwa na kijiti kinachokatiza kutoka shavu hadi shavu. Kifuniko ni chuma cha pili kinachokaa juu ya kisu na kuyavunja maranda yanapopanda. Randa ya kazi za kawaida, hasa za msonobari, huwa na kilalio cha digrii 45. Kwa mninga na mvule, ambazo nyuzi zake hupishana, digrii 50 inatulia zaidi.

Haili mpaka usukume kisu nje sana, kisha inameza ghafla

Huu ni ugonjwa wa pembe ya makali, na humpata hata fundi anayejua kunoa. Mteremko wa makali unatazama chini, kwa hiyo nafasi inayobaki kati ya makali na mbao ni pembe ya kilalio ukitoa pembe uliyonoa. Kilalio digrii 45, makali digrii 30, umebakiwa na 15. Inatosha. Sasa mkono ukipanda na kushuka juu ya jiwe la kunolea, mteremko unaviringika, na kwenye ncha pembe inafika digrii 40. Umebakiwa na 5 tu. Nyuzi za mbao zikishakandamizwa na makali huinuka tena kidogo nyuma yake, na hapo zinakutana na tumbo la kisu na kuinyanyua randa yote. Unaona kisu ni kikali, kinanyoa nywele za mkono, lakini randa inateleza tu. Unakigonga kitoke zaidi, kinaingia ghafla na kung'oa bonge.

Weka ukingo wa rula juu ya mteremko wa makali. Ukiona mwanga pembeni na mguso katikati, umeviringika. Rudisha mteremko kwenye digrii 25 kwa jiwe la kukwaruza, kisha malizia ncha peke yake kwenye digrii 30. Usiache kuutazama na mgongo wa kisu: sentimita moja ya mwisho karibu na makali lazima iwe bapa na ing'ae, la sivyo unanoa upande mmoja wa makali yenye pande mbili.

Kujua ukali halisi, jaribu kwenye kichwa cha mbao laini ya msonobari. Kisu kikali kinaacha uso unaong'aa pale nyuzi zilipokatwa. Kisu butu kinazilaza, na uso unabaki na vumbi.

Kinakuwa kikali, lakini baada ya mbao moja kimekwisha

Visu vingi vya randa za kujitengenezea hutokana na springi ya gari. Ni chuma kizuri kwa kazi hii, ila kinategemea kilivyopitishwa motoni. Yaangalie makali kwa karibu, kwenye mwanga wa jua. Yakiwa yamejikunja upande mmoja, chuma ni laini. Yakiwa yamemeguka vijino, chuma ni kigumu kupita kiasi. Ulaini unaweza kuupima kwa tupa: tupa ikiteleza juu ya chuma bila kuuma, kimekomaa, ikiuma kwa urahisi, hakijakomaa au kimeharibiwa.

Kinachoharibu zaidi ni grainda. Ukiona ncha imegeuka bluu wakati wa kusaga, ukomavu wa sehemu hiyo umeondoka, na hakuna kunoa kutakakourudisha. Ama usage mpaka uipite sehemu yote ya bluu, huku ukichovya kwenye maji kila baada ya sekunde chache, ama urudi motoni. Motoni, pasha ile sentimita tatu au nne ya mbele mpaka sumaku isishike tena. Sumaku ya spika mbovu inatosha kwa kazi hii. Izamishe moja kwa moja kwenye oili, si kwenye maji, maana chuma cha springi kikipoozwa kwa maji kinaweza kupasuka. Kisha kisugue king'ae, kipashe polepole kutokea upande wa nyuma, na rangi ya manjano iliyopauka ikifika kwenye makali kipooze. Kabla ya kukipeleka motoni, ncha iache na unene kama wa milimita moja. Ncha iliyokwisha kunolewa inaungua kabla sehemu nyingine hazijapata moto.

Jambo moja kwa wanaofanya kazi na mvule: mti huu huweka ndani yake vibonge vigumu vya madini, na vibonge hivyo hutoboa makali ya kisu chochote. Ukiona kijino kimoja kirefu na sehemu nyingine zote ni nzima, chunguza ubao kabla ya kukilaumu chuma.

Maranda yanapungua yenyewe mpaka yanaisha

Kisu kinarudi nyuma, kwa hiyo kabari haishiki. Usiongeze nguvu ya nyundo. Kabari iliyopigwa kupita kiasi inausukuma mwili wa randa, sehemu ya nyuma ya mdomo inavimba kuelekea chini, na sasa una magonjwa mawili.

Paka kabari chaki pande zote zinazogusana na mabega, iingize, igonge kawaida, itoe. Palipofutika ndipo panapogusa. Mara nyingi utakuta imegusa juu tu, karibu na kichwa, huku miguu yake miwili ya chini inaelea. Inatakiwa iwe kinyume: nguvu ya kabari iwe chini, karibu na makali. Punguza pale juu kwa patasi, kwa kukwangua, paka chaki tena, rudia. Kabari yenye mteremko wa digrii 10 hivi inashika vizuri. Ikiwa nene sana inajirudisha yenyewe kila unapofanya kazi, na ikiwa nyembamba sana inazama na kugoma kutoka. Usiipake vanishi wala mafuta, na kilalio pia kiache kikavu.

Randa inatetemeka na kuacha mawimbi

Hapa ndipo ningependa kila fundi akae muda mrefu, kwa sababu nusu ya malalamiko mengine yanaanzia hapa. Dalili: randa inanguruma badala ya kufyeka, mkono unahisi mtikisiko, na ubao ukiuinua kwenye mwanga wa pembeni unaona mistari inayokatiza, iliyopishana kwa umbali unaofanana.

Chanzo ni kilalio. Ukichonga randa kutoka kwenye gogo moja, unachimba kutokea juu, kisha unageuza na kuchimba kutokea chini, na michimbo miwili inakutana katikati. Pale inapokutana hubaki kinundu. Kwa jicho hukioni. Kisu kinakaa juu ya kinundu hicho, ncha yake iko hewani kwa unene wa karatasi, na kila inapouma mbao inapinda, inaachia, inapinda tena.

Kukitafuta, washa koroboi na uupitishe mgongo mzima wa kisu juu ya moshi mpaka upate masizi mepesi. Kiingize taratibu bila kukiburuta, weka kabari, igonge kwa nguvu ya kawaida, kisha ilegeze na ukitoe kisu kwa kukiinua. Sasa tazama kilalio. Utaona weusi kwenye sehemu zilizogusa tu. Mara ya kwanza huwa ni doa moja katikati, pana kama ukucha wa kidole gumba, na pengine mstari mwembamba pembeni patasi iliposhindwa kufika konani. Huko chini, kwenye ukingo wa mdomo, mbao ni safi kabisa, kama hakuna kisu kilichowahi kupita.

Kwangua doa peke yake. Patasi pana iliyoshikwa wima, ikivutwa badala ya kusukumwa, inatoa vumbi jembamba na haiingii ndani. Futa, paka masizi, rudia. Doa litapanuka, kisha yatakuwa mawili, kisha matatu. Unatafuta hali hii: weusi upana wote wa kisu pale chini karibu na mdomo, na weusi mwingine juu kisu kinapotokeza. Katikati pakiwa na bonde dogo si kosa. Kwa kweli ni afadhali, kwa sababu kabari inakibana kisu juu ya bonde hilo na ncha zote mbili zinakaa imara. Kinundu peke yake ndicho hakivumiliki.

Ukifika karibu na mdomo, kuwa mwangalifu. Ukingo wa kilalio pale ni mwembamba na nyuzi zake ni fupi, unamomonyoka kwa kuguswa vibaya. Shikiza kipande cha mbao kwa chini, kiufunge mdomo, ndipo ukwangue. Kama tayari umekwangua chini kupita kiasi na kisu kinaelea, usilichimbe tena eneo lote la juu ili lilingane. Gundisha kipande chembamba cha maranda ya mninga pale chini, kikauke, kisha kikwangue mpaka kilingane.

Kilalio kikiwa sawa na mtetemo haujaisha, pima unene wa kisu. Kisu cha milimita mbili bila kifuniko kinatetemeka kwenye mbao ngumu hata kilalio kiwe kizuri namna gani. Tafuta kinene, au ukiwekee kifuniko kinachokibana barabara karibu na makali.

Inakula upande mmoja

Gonga kisu pembeni kwa nyundo ndogo mpaka makali yatokeze sawa. Kama unalazimika kukiweka kimepinda waziwazi ndipo kile sawa, kilalio kimechongwa upogo. Rudi kwenye masizi. Ukiona kwenye ubao mistari miwili myembamba inayofuata mwendo wa randa, hizo ni kona za kisu. Zinoe zaidi kidogo, zilale.

Inakula mwanzo na mwisho wa ubao, katikati inaruka

Uso wa chini umepinda. Sehemu tatu lazima zilale kwenye mstari mmoja: ncha ya mbele, ukingo ulio mbele tu ya mdomo, na kisigino cha nyuma. Ukingo wa mbele ya mdomo ndio unaozikandamiza nyuzi kabla ya kukatwa. Ukiwa umepanda juu hata kidogo, kisu kinafanya kazi bila msaada.

Laza karatasi ya msasa namba 120 juu ya kioo kinene au kipande cha marumaru, chora mistari ya penseli kwenye uso wa chini na usugue randa mpaka mistari yote ifutike. Wengi wanakosea hatua moja hapa: wanatoa kisu na kabari kwanza. Viache ndani, kabari ikiwa imegongwa kwa nguvu ileile ya kazini, kisu kikiwa kimerudishwa ndani ili kisiguse msasa. Mwili wa randa unapinda kabari inapobana. Ukiusawazisha ukiwa mtupu, utapinda tena siku ya kazi. Ukimaliza, sugua mshumaa pale chini. Randa inakuwa nyepesi mkononi mara moja.

Mbao inachanika

Geuza ubao kwanza. Kama unachanika pande zote mbili, jambo la kawaida kwa mninga wenye nyuzi zinazopishana, noa kisu, punguza kina mpaka maranda yaonyeshe mwanga, na usogeze kifuniko karibu na makali kadiri unavyoweza, nusu milimita au chini ya hapo. Kilalio cha digrii 45 kwa mbao hizi kitakuchosha, na hakirekebishiki kwa randa iliyopo. Chonga ya pili ya digrii 50 na hii ibaki ya msonobari.

Mashavu yamepasuka, au kisu kimekwama hakitoki

Hili ni suala la hali ya hewa, na sisi tulio kandokando ya ziwa tunalipata zaidi kuliko tunavyokubali. Mwanza mvua za vuli na za masika zinaacha hewa yenye unyevu, kisha Juni hadi Agosti panakauka. Mbao inavimba na kusinyaa kwa upana wake. Kwa urefu haibadiliki kwa kiasi cha kukusumbua. Chuma cha kisu hakisinyai kabisa. Randa iliyochongwa Igombe, huku kandokando ya ziwa, mwezi wa Aprili, kisu kikiwa kimekaa barabara kati ya mashavu, ikipelekwa Shinyanga mwezi wa Julai inajaribu kusinyaa na chuma kinaizuia. Mwili wa sentimita 6 ukisinyaa asilimia 1 tu umepoteza zaidi ya nusu milimita. Shavu linapasuka, kwa kawaida kuanzia kwenye kona ya bega au ya mdomo, pale mbao ilipo nyembamba.

Ukiona kisu kimebanwa pembeni lakini hakuna ufa bado, usikigonge kitoke kwa nguvu. Iache randa ndani ya nyumba mahali penye unyevu, ikilegea kitoe, kisha punguza mashavu kwa ndani. Kisu cha milimita 50 kipate nafasi ya milimita 52, na kabari ipate hivyohivyo. Ufa mdogo unajazwa gundi na kubanwa kwa klampu, lakini baada ya kuondoa kilichousababisha.

Hapa pia uchaguzi wa mbao unajionyesha. Mninga husinyaa kidogo sana ukilinganisha na mbao nyingi zetu, na mkongo nao hutulia. Hizo mbili ndizo ningeanza kuzitafuta. Mkaratusi mbichi usiuguse kwa kazi hii. Na gogo lolote lenye moyo wa mti katikati yake litapasuka, hata likiwa la mti mzuri kiasi gani. Tumia kipande kilichokaa kivulini kikakauka. Kwa kadirio la zamani la maseremala, mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene.

Maranda yanakwama mdomoni

Sasa tuutazame mdomo, lakini kabla ya patasi tazama maranda yamekwama wapi. Vuta kisu utoe kila kitu pamoja, kwa utaratibu, uone.

Yakiwa yameingia kati ya kisu na kifuniko, kifuniko hakikulala vizuri. Vishike viwili pamoja kwenye mwanga. Popote mwanga unapopenya, maranda yatapenya. Sawazisha ukingo wa kifuniko kwenye jiwe la kunolea. Yakiwa yamejikunja kwenye miguu ya kabari, miguu ni minene au mirefu mno. Ichonge iwe myembamba kuelekea chini na ikomee juu kidogo ya ukingo wa kifuniko. Yakiwa yamejazana konani, mashavu ndani karibu na mdomo hayajafunguliwa. Yapunguze kwa patasi nyembamba ili maranda ya pembeni yapate pa kupita.

Mbao zenyewe nazo zinahusika. Msonobari wenye utomvu, uwe wa mashamba ya miti ya Buhindi, ya Rubya kule Ukerewe au ulioletwa kutoka Sao Hill kule Mufindi, unapaka kifuniko gundi mpaka maranda yashindwe kupanda. Futa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Na wanaotengeneza mitumbwi mara nyingi hupiga randa mbao ambazo hazijakauka. Maranda yake ni mazito na yanahitaji randa yao wenyewe, yenye mdomo wa milimita 2 hadi 3. Usiipanue randa yako ya kumalizia samani kwa ajili ya kazi hiyo.

Yakibaki yanajikunja palepale mdomoni, na umeshahakikisha mengine yote, angalia ukuta wa mbele. Unatakiwa ulale kuelekea mbele kadiri unavyopanda juu. Ukiwa wima au umelala nyuma, maranda hayana pa kwenda hata mdomo uwe mpana. Ulaze kwa patasi, bila kuugusa ukingo wa chini.

Ni baada ya hapo tu ndipo unaupanua mdomo wenyewe, kwa tupa nyembamba, si kwa patasi: sukuma mara mbili au tatu, rudisha kisu, jaribu kwenye ubao. Randa ya kumalizia inatosheka na nusu milimita mbele ya makali, na ya kazi ya kawaida milimita moja.

Kama mdomo umeshakuwa mpana, chimba kishimo bapa chenye kina cha milimita 6 mbele yake kwenye uso wa chini, upana kupita ule wa kisu. Kata kiraka cha mpingo au mkongo, nyuzi zake zifuate urefu wa randa, kikae kwa kubana. Kigundishe kikiwa kimesogea nyuma mpaka mdomo ufungike kabisa, kiache usiku kucha kwenye klampu, kisha kisawazishe na uso wa chini, kabari ikiwa ndani, na uufungue mdomo upya kwa tupa.